Banio lisilo na geti: kisa cha Kaunti ya Imperial kwa wanaomwagilia chini ya Kilimanjaro

Oktoba 1904, kampuni iliyokuwa ikiuza maji kusini mwa California ilikata ukingo wa mto Colorado, ndani ya ardhi ya Meksiko, na kuchimba mtaro wenye upana wa takriban mita 15 na urefu wa kilomita moja. Haikuweka geti. Kufikia mwishoni mwa 1905, karibu mto wote ulikuwa umeacha njia ya baharini na kuelekea jangwani. Mto ulirudishwa Februari 1907, na miezi michache baadaye, Agosti 1907, wakazi wa bonde lile walipiga kura kujitenga na San Diego wakapata kaunti yao. Ni kaunti ya mwisho kuundwa kati ya 58 za jimbo la California, na inaitwa Imperial.

Kisa hiki kinastahili kusomwa kwa makini Mabogini, Chekereni, Kahe na Mbuguni kuliko sehemu nyingi za dunia. Ukanda wetu wa chini, kusini mwa Moshi na Arusha, unaishi kwa maji yanayotoka mbali: mvua inanyesha mlimani, mkulima yuko tambarare, na katikati yao kuna banio (mdomo wa kuchepushia maji ya mto), mfereji mkuu na zamu. Imperial ni mpango uleule, ila jangwa lao ni kali zaidi na mto wao ni mkubwa mara nyingi zaidi. Maji ya mfereji huingia shambani na mizigo miwili, tope na chumvi. Waanzilishi wa Imperial walihesabu maji yanayoingia hadi tone la mwisho, lakini hawakupanga mizigo hiyo itatokea wapi. Karibu kila tatizo la kaunti ile kwa zaidi ya miaka 100 limetoka hapo.

Umbo la nchi

Kaunti ya Imperial iko kwenye kona ya kusini mashariki ya California. Kusini inapakana na Meksiko, na mashariki mto Colorado unaitenga na Arizona. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 11,600, pungufu kidogo ya Mkoa wa Kilimanjaro, na sensa ya 2020 ilihesabu watu 179,702. Mvua haifiki milimita 80 kwa mwaka. Moshi mjini hupata zaidi ya mara 10 ya kiasi hicho. Joto la kiangazi huvuka nyuzi 40 kwa wiki nyingi mfululizo.

Jambo la kushika ni mwinuko. Sehemu kubwa ya bonde iko chini ya usawa wa bahari. El Centro, makao makuu ya kaunti, iko takriban mita 12 chini ya usawa huo, na sakafu ya bonde upande wa kaskazini hufika karibu mita 85 chini. Zamani Ghuba ya California iliingia hadi huko. Mto Colorado ulishusha tope kwa maelfu ya miaka, ukajenga tuta la asili lililoikata ghuba, na upande wa ndani ukabaki shimo kavu. Mara kwa mara mto ulihama ukalijaza shimo hilo, kisha ukarudi baharini na kuliacha likauke. Wenyeji wa Kicahuilla walikuwepo wakati ziwa hilo la kale lilipojaa na lilipokauka, na mitego yao ya samaki iliyojengwa kwa mawe bado inaonekana kwenye miteremko, mbali na maji yoyote ya leo.

Kwa hiyo mto ulikuwa na njia mbili. Karibu na mji wa Yuma, Arizona, uko mita 30 na ushei juu ya usawa wa bahari. Ukienda ghubani unashuka mita hizo tu. Ukigeuka kuingia bondeni unashuka zaidi ya mita 110 kwa umbali usiopishana sana na ule. Mtu yeyote aliyewahi kuongoza maji ya mfongo (mfereji wa jadi wa Wachagga) kwenye mteremko wa Kibosho au Marangu atajua maji hayo yangechagua upande gani yakiachiwa nafasi.

Tope lilivyofunga mfereji

California Development Company ilianzishwa 1896, na mtu aliyeisukuma zaidi alikuwa mhandisi Charles Rockwood. Mwaka 1900 ikamwajiri George Chaffey, aliyekuwa na sifa katika miradi ya umwagiliaji. Chaffey alichagua njia ya bei nafuu: badala ya kuchimba mfereji mpya kwenye vilima vya mchanga upande wa Marekani, alitumia mkondo wa kale wa mto Alamo, unaozungukia Meksiko kabla ya kurudi bondeni. Alijenga geti la mbao upande wa Marekani, karibu na mpaka. Maji yakafika mashambani katikati ya 1901. Jina Imperial nalo lilikuwa la biashara, maana nani angenunua shamba mahali panapoitwa Jangwa la Colorado?

Watu wakamiminika. Kufikia 1904 walikuwa wamezidi 10,000, wakilima shayiri, lusina (alfalfa) na matikiti kwenye udongo uliokuwa haujawahi kuguswa na jembe.

Kabla ya mabwawa makubwa kujengwa, Colorado ilibeba zaidi ya tani milioni 100 za tope kwa mwaka. Maji yakiwa na kasi hubeba tope, yakipungua kasi huliacha. Mdomo wa mfereji ndio mahali yanapopungua kasi kwa ghafla: yanatoka kwenye mto mpana, yanapita getini, yanaingia kwenye mkondo wenye mteremko mdogo. Tope likatua pale pale, katika kilomita sita hivi za mwanzo. Geti la mbao nalo lilikuwa limejengwa na sakafu iliyoinuka mno, hivyo mto ukiwa mdogo maji hayakuingia ya kutosha. Mwaka 1904 mfereji ulipitisha sehemu tu ya maji yaliyohitajika, na mazao yakaanza kukauka huku mto umejaa upande wa pili wa ukingo.

Hali hii inajulikana kwenye skimu zetu. Tope linapopanda kwenye mita 300 za kwanza baada ya banio, mkulima wa mwisho ndiye wa kwanza kukosa maji. Lawama huangukia wa juu kwamba anaiba zamu, hata pale ambapo mfereji wenyewe umepoteza theluthi ya kina chake. Pima kwanza: chomeka fimbo yenye alama hadi kwenye sakafu ya saruji ya mfereji, andika unene wa tope kila baada ya mita 50, kisha ndipo muitane kikao.

Kampuni ilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuchimba tope, na haikuwa na mashine za kutosha. Ya pili ni kushusha sakafu ya geti, na hiyo ingesimamisha maji katikati ya msimu. Ya tatu ni kukata mdomo mpya upande wa chini, Meksiko, na kuzunguka sehemu iliyoziba. Rockwood alichagua ya tatu. Mtaro ulitakiwa uwe na geti, lakini mchoro wake ulipaswa kuidhinishwa na serikali ya Meksiko, na idhini ilikuja Desemba 1905, zaidi ya mwaka baada ya mtaro kufunguliwa. Hesabu yake ilikuwa kwamba mafuriko ya majira ya baridi ni nadra, na mtaro ungefungwa kabla ya maji ya theluji ya kiangazi.

Kosa kubwa, kwa maoni yetu, lilikuwa kuchukua kumbukumbu za mafuriko ya miaka michache zikawa dhamana ya mdomo ulio wazi. Mtaro wa dharura ni kitu cha kawaida, na hata skimu nzuri huuhitaji. Ila mdomo wa dharura hufungwa na vifaa vilivyokwisha kufika ukingoni kabla jembe la kwanza halijapigwa: magunia ya mchanga, mawe, mbao za kuziba, na watu wa kuviweka. Pale havikuwepo.

Mto kuhama

Mapema 1905 mto Gila, unaoingia Colorado karibu na Yuma, ulileta mafuriko zaidi ya mara moja. Majaribio ya kwanza ya kuziba kwa nguzo, matawi na mifuko ya mchanga yalisombwa. Kila yaliposombwa mdomo ulipanuka, na kila ulipopanuka maji yaliyoingia yalichimba zaidi, kwa sababu mteremko wa bondeni ulikuwa mkali. Juni 1905 kampuni iliishiwa. Reli ya Southern Pacific, iliyokuwa na njia yake bondeni, iliikopesha dola 200,000 na kuchukua uongozi. Mwisho wa Novemba 1905 mafuriko mengine ya Gila yalipandisha mto kutoka takriban mita za ujazo 350 kwa sekunde hadi zaidi ya 3,000, na bwawa lililokuwa likijengwa likaondoka lote.

Bondeni kilitokea kitu ambacho wengi hawakukitarajia. Maji yaliyokuwa yakishuka kwenda kwenye ziwa lililokuwa likijaa sakafuni mwa bonde yalianza kukata udongo laini kutoka chini kwenda juu. Maporomoko yalijitokeza upande wa ziwa, kisha yakasogea kinyume na mkondo, ukuta wa udongo ukianguka kila saa. Kwenye mkondo wa New River yalifika urefu wa mita zaidi ya 20. Sehemu ya mji wa Mexicali ilimezwa, na Calexico upande wa pili wa mpaka ikapoteza majengo. Mifereji iliyokuwa ikipokea maji kwa mvutano ikabaki ikining'inia juu ya korongo, haina maji, wakati maji yanapita chini yake. Southern Pacific ililazimika kuhamisha reli yake mara kadhaa kwenda juu zaidi, na kiwanda cha chumvi kilichokuwa sakafuni mwa bonde kilizama. Ardhi ya Wacahuilla wa Torres Martinez nayo ilizama kwa maelfu ya ekari.

Kukata kwa namna hii, kutoka chini kwenda juu, kunatokea hata kwenye korongo la mita mbili. Wanaochimba mchanga mtoni Kikuletwa au Karanga wanaposhusha sakafu ya mto, daraja au banio lililo juu yao huanza kuchimbuliwa miguu, hata kama liko mbali. Nyufa za kwanza huonekana upande wa chini wa banio, pale maji yanapoangukia. Jaza mawe makubwa hapo mapema.

Kazi ya kufunga mto ilimwangukia mhandisi Harry Cory. Njia iliyofaulu ilikuwa ya nguvu tupu. Kwanza zilisukwa jamvi za matawi zikazamishwa sakafuni ili mawe yasididimie kwenye matope. Juu yake zikapigiliwa nguzo, na juu ya nguzo ikajengwa reli inayovuka mdomo mzima. Treni za mabehewa yanayomwaga mzigo ubavuni zikapita juu ya maji zikishusha mawe mfululizo, usiku na mchana. Hesabu ni moja: mawe yaingie haraka kuliko mto unavyoweza kuyaondoa. Anayemwaga mawe taratibu, akisubiri lori la kesho, anaulisha mto tu.

Mdomo ulifungwa Novemba 4, 1906. Desemba 7 mto ukatoboa tena, safari hii pembeni, si kwenye bwawa la mawe. Maji yalipenya chini ya tuta la udongo lililojengwa haraka juu ya ardhi ambayo haikuchimbwa kwanza. Palipoanza kutoka maji kidogo pakawa shimo, shimo likawa mto. Baada ya hapo matuta yalijengwa juu ya mtaro uliochimbwa hadi kwenye udongo mzito na kujazwa upya kwa kushindiliwa, ili maji yasipate njia ya chini. Rais Theodore Roosevelt na E. H. Harriman wa Southern Pacific walibishana kwa simu za maandishi ni nani alipe, na Harriman hatimaye akaamuru kazi iendelee. Februari 1907 mto ulifungwa kabisa. Gharama kwa reli ilizidi dola milioni 3 za wakati huo.

Anayejenga tuta la mto Rau au Kikuletwa aangalie jambo hili moja: ondoa majani na udongo wa juu, chimba mtaro wa katikati, rudisha udongo wa mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 na ushindilie kila tabaka likiwa na unyevu. Tuta linalowekwa juu ya nyasi hupita maji kwenye nyasi.

Kaunti na riziki yake

Wilaya ya umwagiliaji ya Imperial iliundwa 1911, ikiwa mali ya umma, na taratibu ikayachukua mabaki ya kampuni. Madai makubwa ya wakulima yalikuwa mfereji usiopita Meksiko. Bunge la Marekani liliupitisha 1928 pamoja na bwawa la Hoover. Mfereji huo, All-American Canal, una urefu wa takriban kilomita 130 na ulianza kutumika 1940. Kwenye bwawa la Imperial, mwanzoni mwake, yalijengwa mabeseni makubwa ambamo maji husimama, tope hutua, na mikono inayozunguka hulikusanya na kulirudisha mtoni. Somo la 1904 likajengwa kwa zege: tope hutolewa mdomoni, kabla ya kuingia. Mei 18, 1940 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilihamisha ardhi karibu na mpaka kwa mita 4 na zaidi, mfereji ukiwa mpya.

Haki ya maji ya bonde hili ni takriban mita za ujazo bilioni 3.8 kwa mwaka, sehemu kubwa kuliko zote katika mgao wa California kutoka mto Colorado. Kwa hayo hulimwa karibu hekta 190,000. Lusina na majani mengine ya mifugo huchukua ardhi kubwa. Wakati wa baridi, Novemba hadi Machi, bonde hulisha Marekani letusi, karoti, brokoli na vitunguu, kwa sababu kwingine kumeganda. Kuna ng'ombe wengi wanaonenepeshwa kwenye mazizi makubwa. Mazao na mifugo huingiza takriban dola bilioni 2 kwa mwaka. Hata hivyo ukosefu wa ajira uko juu kuliko karibu kaunti zote za jimbo, mashamba ni makubwa na wamiliki wachache. Vibarua wengi huvuka mpaka alfajiri kutoka Mexicali na kurudi jioni. Kati ya 1942 na 1964 walikuja kwa mkataba wa serikali mbili. Wingi wa maji, basi, haukuleta usawa.

Chumvi, mzigo wa pili

Maji ya Colorado yanapofika bwawa la Imperial huwa na takriban gramu 700 hadi 800 za chumvi kwa kila mita ya ujazo. Mdomoni hayana ladha mbaya. Lakini chukua ekari moja ya lusina inayotumia mita za ujazo 6,000 kwa mwaka: inapokea kilo 4,500 za chumvi, yaani mifuko 90 ya kilo 50. Mmea hunywa maji na kuacha chumvi. Jua hukausha maji na kuacha chumvi. Mwaka ujao mifuko mingine 90.

Miaka ya mwanzo chumvi ilishuka chini na haikuonekana. Kisha maji ya chini ya ardhi yakapanda, kwa sababu udongo wa Imperial ni mfinyanzi mzito wa mto na maji hayana pa kutokea. Yalipofika karibu na mita moja na nusu kutoka juu, yakaanza kunyonywa na jua na kupandisha chumvi hadi usoni. Mashamba yakawa meupe. Kuanzia 1929 wakulima walianza kufukia mabomba yenye matundu, kina cha karibu mita 2, yanayokusanya maji yenye chumvi na kuyapeleka kwenye mitaro ya wazi. Leo mitaro ya wazi pekee ina zaidi ya kilomita 2,000, na mabomba yaliyofukiwa yanafika makumi ya maelfu ya kilomita. Mfumo wa kutoa maji ni mrefu kuliko wa kuyaingiza.

Bomba peke yake halitoshi. Lazima maji ya ziada yapite kwenye mizizi yaoshe. Kiasi hukisiwa hivi. Pima chumvi ya maji kwa kipimo cha EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme, unaopanda chumvi inapozidi na huandikwa kwa dS/m. Chukua kiwango cha EC ya udongo ambapo zao huanza kupungua mavuno, kizidishe kwa 5, toa EC ya maji. Kisha gawa EC ya maji kwa jibu hilo. Maji ya Colorado yana EC ya karibu 1.15 dS/m. Vitunguu huanza kuumia kwenye 1.2: mara 5 ni 6, ukitoa 1.15 inabaki 4.85, na 1.15 kwa 4.85 ni 0.24. Yaani karibu robo ya maji yanayoingia kwenye shamba la vitunguu lazima yapite chini bila kunywewa. Kwa mahindi, ambayo huanza kwenye 1.7, ni asilimia 16. Kwa maharage, kwenye 1.0, ni asilimia 30. Viazisukari (mizizi inayokamuliwa sukari, si viazi vitamu) vinavyovumilia hadi 7 vinahitaji asilimia 3 hivi tu. Ndiyo maana zao huchaguliwa kwa kuangalia kipimo cha maji kwanza, soko baadaye.

Kuna ujanja wa shambani pia. Kwenye tuta linalomwagiliwa kwa mtaro, maji hunyonywa kutoka pande zote mbili na chumvi hukutana kileleni katikati. Mbegu ikiwekwa hapo hufa kabla ya kuchipua. Wakulima wa Imperial hupanda letusi kwenye mabega ya tuta pana, mistari miwili, na wengi hutumia vinyunyizio vya maji kwa siku za mwanzo ili chumvi isukumwe chini hadi mche ushike. Mkulima wa Kahe au Mbuguni anayeona vitunguu vyake vinachipua mistari na kuacha mapengo meupe juu ya tuta ajaribu kushusha mstari begani kabla ya kulaumu mbegu.

Hapa lazima tofauti isemwe wazi, maana kuiga Imperial bila kuielewa kunaharibu. Chumvi ya Colorado ina kalsiamu nyingi, na udongo wake hubaki na matundu ya kupitisha maji. Chini ya Meru na kwenye tambarare za kusini mwa Moshi tatizo mara nyingi ni magadi: sodiamu pamoja na bikaboneti, kutokana na miamba ya volkano. Mashamba ya miwa ya Arusha Chini yamepambana nayo kwa miaka mingi. Sodiamu hutawanya chembe za mfinyanzi zikaziba, na ukimwaga maji mengi ya kuosha yanasimama juu siku nyingi huku mizizi inaoza.

Jaribio rahisi: chukua bonge kavu la udongo, ukubwa wa punje ya mahindi, liweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua na usiitikise. Rudi baada ya saa mbili, kisha kesho yake. Bonge likiporomoka tu na maji yakabaki masafi, kuosha kunaweza kusaidia. Likizungukwa na wingu la tope kama maziwa, udongo una sodiamu, na dawa ya kwanza ni jasi, ambayo huchimbwa hapo Makanya, wilayani Same. Jasi huenezwa, huchanganywa na udongo wa juu, ndipo maji hufuata, na lazima mtaro wa kuyatoa uwepo tayari. Kiasi cha jasi kipangwe na maabara ya udongo, kama ile ya Mlingano, kwa sababu hutegemea sodiamu iliyoshikwa kwenye udongo na kina unachotaka kuponya.

Ziwa lililobaki

Maji ya 1905 hadi 1907 yalijaza sakafu ya bonde na kuzaa Salton Sea. Kwa joto lile, karibu mita 1.8 huvukizwa kila mwaka, na ziwa lingekwisha kabla ya 1930. Lilibaki kwa sababu mitaro yote ya mashamba humwaga humo. Halina pa kutokea, kama Natron, Manyara na Eyasi, hivyo chumvi ya kila ekari inaishia pale. Leo maji yake yana chumvi karibu mara mbili ya bahari. Perege wa asili ya Msumbiji walioingizwa huko walivumilia kuliko samaki wengine, nao sasa wamepungua sana, na ndege waliowategemea wamehama.

Mwaka 2003 wilaya ya maji ilikubali kuiuzia San Diego maji, kiasi kikifikia mita za ujazo milioni 247 kwa mwaka, yanayopatikana kwa wakulima kubana matumizi. Maji yasiyopotea shambani hayafiki mtaroni, na yasiyofika mtaroni hayafiki ziwani. Hadi mwisho wa 2017 ziwa liliongezewa maji ya fidia. Yalipokoma, ufuko ulirudi nyuma haraka ukaacha matope makavu yenye chumvi na mabaki ya viuatilifu. Upepo huyapeperusha, na pumu kwa watoto wa bondeni ni tatizo zito la afya ya umma. Chini ya ukingo wa kusini wa ziwa kuna mvuke wa ardhini unaozalisha takriban megawati 400, na maji ya moto yanayotoka humo yana lithiamu inayotafutwa kwa betri. Wengi huko wanaiwekea matumaini ya ajira.

Skimu zetu za Moshi zina bahati ya jiografia: mitaro yake hushuka Kikuletwa na Ruvu, huingia Nyumba ya Mungu, kisha Pangani hadi baharini. Lakini bahati hiyo ni ya anayemwaga. Aliye chini, anayeteka Nyumba ya Mungu au kumwagilia Korogwe, ndiye anayepokea. Kibali cha kutumia maji chini ya Sheria Na. 11 ya 2009, kinachotolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kinapoombwa kwa skimu mpya, mchoro uoneshe mtaro wa kutoa maji unaishia wapi, na ubora wake utapimwa na nani, mara ngapi.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu sasa kila mahali mifongo inasakafiwa kwa saruji. Kilomita 37 za All-American Canal, zilizokuwa za udongo, zilibadilishwa na mfereji wa zege, kazi ikamalizika 2009, na ikaokoa takriban mita za ujazo milioni 83 kwa mwaka zilizokuwa zikivuja kwenye mchanga. Maji hayo hayakuwa yakipotea. Yalikuwa yakiingia visima vya wakulima wa Mexicali upande wa pili wa mpaka, ambao walikuwa wakilima nayo kwa miongo mingi na walipinga mradi huo mahakamani bila kufaulu. Mfongo wa udongo unaopita Kibosho au Old Moshi nao huvuja, na chemchemi nyingi za tambarare hulishwa na mlima kwa chini. Kabla ya kumwaga saruji, orodhesha visima na chemchemi zilizo chini ya mfereji, pima kina cha maji kwa kamba yenye alama mara moja kwa wiki, msimu mzima wa kiangazi kuanzia Juni hadi Oktoba. Kisha sakafia kipande kimoja, endelea kupima visima vilevile kiangazi kinachofuata, na mwakilishi wa wenye visima akae kwenye kikao cha jumuiya ya watumia maji kabla ya kipande cha pili kuanza.